Gari la mtumba la familia: kabla ya kuuliza linakula lita ngapi

Jumamosi asubuhi kwenye yadi za magari jijini Dar es Salaam, wateja wengi huja kifamilia. Baba anachungulia chini ya boneti, mama anapima kama siti ya nyuma itawatosha, na mtoto mdogo tayari yuko kwenye usukani anabonyeza honi. Maswali yanafuata mpangilio uliozoeleka. La kwanza, linakula mafuta kiasi gani? La pili, bei ya mwisho ni ipi? Baada ya hapo ni ringi, redio, rangi, na kama AC inapoza.

Mikanda ya siti ya nyuma haiguswi. Mara nyingi hata haionekani, kwa sababu makava ya viti yameifunika na vifungio vyake vimezama chini. Gari linalipiwa, linafika nyumbani, na Jumatatu watoto watatu wanapanda nyuma kwenda shule bila hata mmoja kufungwa.

Kwa familia nyingi za mjini, gari la kwanza hununuliwa kwa ajili ya watoto. Wazazi wamechoka kumpakia mtoto wa darasa la pili katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, au kumwamsha usiku ili awahi basi la shule. Huo ni uamuzi wa afya, hata kama nyumbani hakuna anayeuita hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali hizo kila mwaka duniani. Kwa mujibu wa shirika hilo, kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari hadi nusu, na kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga hadi asilimia 71.

Kwa hiyo bajeti ya gari, bajeti ya mafuta na bajeti ya usalama wa watoto zinapaswa kukaa kwenye karatasi moja. Habari njema ni kwamba zinaweza kukaa pamoja, ikiwa mnunuzi atajua ni wapi fedha inaokolewa kweli na ni wapi anadanganywa na tangazo.

Hesabu ya lita

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayowapeleka watu yadi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na tangazo hilo hupanga hata mboga ya wiki katika nyumba zenye gari.

Chukua familia inayotembea kilomita 40 kwa siku, shule na kazini, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia lita 130. Linalokwenda kilomita 12 litatumia lita 87 hivi. La kilomita 15, lita 69. La kilomita 20, lita 52.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalioni. Kutoka kilomita 8 hadi 12 kwa lita, familia inaokoa lita 43 kwa mwezi. Kutoka 15 hadi 20, ambako namba inaonekana kuruka zaidi, inaokoa lita 17 tu. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, akiba ya kwanza ni Sh129,000 kwa mwezi na ya pili ni Sh51,000. Anayeacha gari kubwa linalobwia mafuta na kuchukua gari dogo lenye afya amekwishapata sehemu kubwa ya faida. Anayeongeza Sh4 milioni ili kutoka kwenye gari dogo zuri kwenda kwenye jingine linalosifiwa zaidi kwa kunusa mafuta, itamchukua zaidi ya miaka sita kuirudisha fedha hiyo kwa akiba ya Sh51,000.

Ndiyo maana Toyota Vitz, Passo na IST, Mazda Demio, Honda Fit, Suzuki Swift na Nissan March zimejaa mitaani. Injini zake ni ndogo, nyingi kati ya cc 1,000 na 1,500, na vipuri vya Toyota hasa vinapatikana hadi wilayani. Mjadala wa ipi kati ya hizo ina nusu kilomita zaidi kwa lita unafaa kijiweni. Kwenye ununuzi, hali ya gari lenyewe ina uzito kuliko jina lake.

Tahadhari moja kuhusu namba za kwenye matangazo. Kilomita 20 na kitu kwa lita unazoziona kwenye mtandao hutoka kwenye vipimo vya maabara vya Japani, kile cha zamani kiitwacho 10-15 na kilichokifuata, JC08. Toyota Aqua, kwa mfano, ilipoingia sokoni Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita kwenye JC08 na 40 kwenye 10-15. Gari lile lile, barabara ile ile ya maabara, namba mbili tofauti. Barabara ya Morogoro saa moja asubuhi, AC ikiwaka na mabegi manne ya shule nyuma, haimo kwenye kipimo chochote kati ya hivyo.

Gari dogo linalokula kama kubwa

Vitz iliyochoka inaweza kunywa mafuta kuliko gari kubwa lililotunzwa. Sababu huwa za kawaida: plagi zimekwisha, chujio la hewa la injini limejaa vumbi, tairi hazina upepo wa kutosha, breki zinakamata, au sensa ya ekzosi imekufa na taa ya injini inawaka miezi sita bila mtu kujali.

Iko sababu nyingine, ya gereji zetu wenyewe. Gari likianza kuchemsha, baadhi ya mafundi hutoa themostati na kulirudisha barabarani bila hiyo. Linapoa, mteja anashukuru. Lakini injini isiyofikia joto lake la kazi huendelea kumwagiwa mafuta mengi kana kwamba imewashwa sasa hivi, na huchakaa haraka. Muulize muuzaji waziwazi kama themostati ipo. Kisha fungua rejeta gari likiwa limepoa: ukikuta maji yenye kutu badala ya kuleti yenye rangi, jibu la mdomoni halina haja ya kusubiriwa.

Gia nazo zina lake. Magari mengi madogo ya Japani yana gia boksi ya CVT, ambayo oili yake si ile ya gia za otomatiki za kawaida. Akiwekewa isiyo yake, mwenye gari hatajua siku hiyo. Atajua baadaye, gari likianza kutetemeka kila linapoondoka au injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka. Katika kulijaribu, panda nalo mlima na usimame kwenye foleni; kuzunguka yadi mara moja hakuonyeshi kitu.

Vipi kuhusu haibridi? Aqua na Prius zimeshuka bei na kwa anayeshinda kwenye foleni zinaokoa mafuta kweli, kwa sababu injini huzimika gari likisimama. Wasiwasi wa wengi ni betri kubwa. Wasiwasi huo una msingi, ila wazazi wanapaswa kujua jambo moja dogo linaloua betri hizo mapema. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, na tundu lake liko upande wa siti ya nyuma, mahali ambapo watoto huweka mabegi, masweta na makombo ya biskuti. Tundu likizibwa au feni ikijaa vumbi, betri huchemka. Kwa gari la haibridi, mlipe fundi mwenye mashine ya kupimia asome hali ya kila kundi la seli kabla hujalipa, na umwombe afungue na kukuonyesha chujio au feni hiyo. Muuzaji akikataa, nenda gari jingine.

Namba E siyo umri

Kwenye matangazo ya Tanzania, herufi ya namba ya usajili imegeuka kuwa sifa. "Namba D", "namba E", watu huongeza fedha kwa ajili hiyo. Herufi inaeleza gari lilisajiliwa nchini lini, basi. IST ya mwaka 2003 iliyoshushwa bandarini miaka michache iliyopita ina namba mpya na vyuma vya mwaka 2003. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari, na unapaswa kuoana na kibati cha chasisi.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia. Tanzania huyaruhusu, ila magari ya miaka minane na zaidi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine. Kwa anayeagiza mwenyewe, kikokotoo kiko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na kitumike kabla ya kutuma hata dola moja, kwa kuwa TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake. Wanaokwama bandarini ni wale waliopiga hesabu kwa bei ya risiti peke yake.

Anayeagiza aombe pia karatasi ya mnada wa Japani. Humo gari limepewa daraja. Nne, au tatu na nusu, ni gari la kawaida lililotumika. Herufi R au RA mahali pa daraja maana yake liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Kilomita pia zimeandikwa humo, na ukizilinganisha na zilizopo kwenye dashibodi unaweza kupata mshangao. Anayenunua hapa nchini hana karatasi hiyo, lakini ana macho: pedeli ya breki iliyolika hadi kung'aa haiendani na mita inayosoma kilomita 60,000.

Na tairi. Pembeni ya kila tairi, baada ya maandishi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi yenye mistari mirefu inaweza kuwa na mpira uliokauka, na tairi za mtumba zilizopigwa rangi nyeusi zinapendeza sana yadi. Zilizopita miaka sita zikaguliwe na mtu anayezijua. Zilizofika kumi zibadilishwe, na bei yake itolewe kwenye bei ya gari.

Mfuko wa hewa unaoweza kuumiza

Hapa ndipo gari la bei nafuu linapoweza kuwa ghali kwa namna nyingine.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka, ikiwemo ile ya mfuko wa hewa, yaani eabegi, yenye picha ya mtu na puto mbele yake. Baada ya sekunde chache inazimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku zaidi: huenda imechomolewa au kuzibwa ili mteja asiione. Gari lililowahi kugongwa na mifuko yake kufyatuka linaweza kurudishwa sokoni likiwa na kifuniko kipya cha usukani na ndani yake hakuna kitu.

Pia kuna mifuko iliyopo lakini ni ya hatari. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na kampuni nyingine, hasa ya miaka ya 2000 na iliyofuata. Kemikali inayofyatua mfuko huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Siku ya ajali, hata ndogo, hulipuka kwa nguvu iliyopita kiasi, kopo la chuma linapasuka, na vipande vyake huwapiga waliokaa mbele. Watu wamekufa hivyo katika nchi kadhaa. Nchini Marekani peke yake vifaa vipatavyo milioni 67 viliamriwa kubadilishwa, zoezi kubwa kuliko lolote la aina hiyo katika historia ya nchi hiyo, na Takata ikafilisika mwaka 2017.

Joto, unyevu na miaka mingi: hiyo ni Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar, na ndiyo magari tunayonunua. Haina maana kila IST au Fit ina tatizo. Nyingi hazikuhusika, na nyingine zilibadilishwa kifaa zikiwa Japani. Namna ya kujua ni kuchukua namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na kuiingiza kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari, sehemu ya magari yaliyoitwa kurekebishwa. Kurasa za Japani zimeandikwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kuzitafsiri. Ikionekana gari linahusika na halijarekebishwa, wasiliana na wakala rasmi wa kampuni hiyo. Fundi wa mtaani asiguse mfuko huo, kwa kuwa kinachoufyatua ni baruti.

Hewa wanayovuta watoto nyuma

Ekzosi iliyotoboka inaweza kuingiza hewa ya ukaa monoksidi ndani ya gari. Haina harufu wala rangi. Mtoto anayelalamika kichwa na kichefuchefu kila mkiwa safarini na kupona mkishuka asidhaniwe moja kwa moja kuwa gari linamtapisha; ekzosi ikaguliwe kwanza. Wakati wa kununua, gari likinguruma, fundi aingie chini asikilize mvujo. Aangalie pia kama chujio la moshi, lile ambalo mafundi huliita masega, bado lipo. Huibwa na kuuzwa, na wapo wenye magari wanaoliondoa kwa kuamini gari litakuwa jepesi. Moshi unaobaki unavutwa na watoto wa mtaa mzima.

Kwa nyumba yenye mtoto wa pumu, fungua kisanduku cha mbele ya abiria. Kwenye magari mengi ya Toyota, nyuma yake ndipo lilipo chujio la hewa inayopita kwenye AC. Ukilikuta jeusi kwa vumbi na ukungu, hicho ndicho kilichokuwa kikipulizwa usoni kwa watu. Bei yake ni ndogo na mzazi anaweza kulibadilisha mwenyewe kwa dakika tano.

Mikanda, kisha kiti

Sasa rudi siti ya nyuma, makava yafunuliwe. Vuta kila mkanda taratibu hadi mwisho uone kama umechanika au umejikunja kama uliowahi kuvutwa kwa nguvu kwenye ajali. Uachie urudi wenyewe. Kisha uvute ghafla: unapaswa kukamata. Ingiza kila kimoja kwenye kifungio chake na ukitikise. Magari mengi madogo ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu katikati ya siti ya nyuma, hivyo yana nafasi mbili zenye mkanda kamili, si tatu. Familia yenye watoto watatu wadogo ijue hilo kabla ya kupenda Passo. Sienta ina safu tatu na injini ya cc 1,500, ingawa safu ya mwisho ni nyembamba na iko karibu na mlango wa nyuma.

Japani, kunakotoka magari haya, sheria inataka mtoto wa chini ya miaka sita akae kwenye kiti chake maalumu tangu Aprili 2000. Gari likifika hapa, kiti kinabaki kule na mtoto anahamia mapajani kwa mama, mbele. Wazazi hufanya hivyo kwa upendo, wakiamini mikono itamshika. Mtoto wa kilo 10 anayesimamishwa ghafla kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa anavuta kwa nguvu inayokaribia mzigo wa kilo 200. Hakuna mikono inayoushika. Akiwa mbele ya mfuko wa hewa, ukifyatuka unampiga yeye kwanza. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Mchanga na mdogo wakae wakitazama nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Baadaye wanageuka mbele wakiwa na mikanda ya kiti, halafu hupanda kwenye kiti cha kuinulia hadi wafikie urefu wa sentimita 135 hadi 150, mkanda wa gari upite begani badala ya shingoni na kwenye nyonga badala ya tumboni. Viti vya mtumba vipo sokoni kwa bei ya chini ya seti ya ringi. Kabla ya kununua, kigeuze utafute stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, kikague kama plastiki ina ufa, na ukiache kama muuzaji hajui kilitoka kwenye gari gani. Kiti kilichokuwemo kwenye ajali hakitumiki tena.

Wenye kiti tayari waende nacho yadi. Magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yana vyuma vya ISOFIX, ambavyo hupatikana kwa kupitisha vidole kwenye mfereji kati ya kalio na mgongo wa siti ya nyuma. Kama havipo, mkanda kamili unatosha. Piga goti juu ya kiti, kaza mkanda kwa nguvu, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukisukume kulia na kushoto. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, hakijakaza, au mkanda wa gari hilo haukamati, na ni bora kulijua hilo kabla ya kutaja bei ya mwisho.